Mkono wa Kupulizia Rangi

Ndugu yangu Zaki alivunjwa mkono kwa sababu ya kitu kisichozidi kalamu kwa ukubwa. Nalisema hili mapema kwa kuwa watu wa Kibokoni hawaachi kutia chumvi, na nimewasikia kwa masikio yangu, barazani, wakisema alikamatwa akiuza unga, ule wa kulevya. Zaki hajauza unga. Aliuza malori.

Malori madogo, ya kuweka juu ya kabati. Bodi aliikata kutoka kwenye mabango ya plastiki yaliyotupwa, matangi akayafanya kwa mabomba ya maji, na magurudumu akayachonga kwa soli za champali za mpira. Wateja wake walikuwa madereva wa Kilindini, wanaume wanaopenda malori yao kuliko wake zao. Dereva akija na picha, Zaki alimtengenezea lori lake hasa, si la mwingine: bampa imebonyea pale pale, na vumbi jekundu la safari likipanda kutoka magurudumuni na kufifia kidogo kidogo kabla ya kufika dirishani. Vumbi hilo ndilo lililowatoa madereva machozi. Wewe utaniambia vumbi ni vumbi. Basi jaribu kulipaka kwa brashi ya manyoya uone utakavyochafua.

Zaki mwenyewe alichafua mengi. Ufundi aliuanzia gereji, akipulizia magari kwa bunduki kubwa ya rangi, na alipoijaribu kwenye lori dogo, milango yote ilizibwa kwa rangi ukadhani limechovywa kwenye uji. Kisha akapata brashi ya upepo kwenye mitumba ya vyombo. Ni kijibunduki chembamba, juu kina kikombe cha kutilia rangi, ndani kina sindano, na hewa huletwa na mpira kutoka kwenye kompresa. Ile aliyoipata sindano yake ilikuwa imepinda. Aliinyoosha juu ya kioo, akaipitishia msasa laini, na kompresa akaiunda kwa mota ya friji bovu la jirani. Kwa muda mrefu hakupulizia lori hata moja. Alipulizia magazeti tu: nukta, mistari, nukta, mistari, huku thina ya kuyeyushia rangi inanuka nyumba nzima, nami nauza viazi karai hapo hapo mlangoni. Nilimtukana kila siku. Siku aliponionyesha lori la kwanza lenye vumbi, sikumtukana tena.

Aliyemvunja ni kanjo, mmoja wa wale askari wa kufukuza wachuuzi. Nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea Zaki chakula kando ya barabara ya kuingilia bandarini, anapotandika meza yake. Makanjo waliruka kabla gari lao halijasimama. Muuza maembe alipigwa teke akaangukia maembe yake, mzee wa soksi akapasuliwa kichwa, watu wakakimbia wakikanyagana. Zaki naye angekimbia, miguu alikuwa nayo. Lakini alirudi kuchukua kisanduku cha brashi, akakikumbatia, na kanjo mmoja mwenye mabega mapana akamsimamia.

"Achia," alisema yule kanjo.

Zaki hakuachia. Rungu likashuka kwenye mkono wa kulia, nami nikasikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu kama wa muwa. Hakuachia. Rungu likashuka tena na tena juu ya vidole mpaka vikafunguka vyenyewe. Nilimrukia yule mtu mgongoni, nikamng'ata sikio, nikaling'ang'ania hadi damu ikanijaa kinywani. Alinibwaga chini, akaokota kisanduku, akapanda gari. Mwenzake alimwita kwa jina, Menza, na jina hilo nikalihifadhi.

Zaki alikuwa bado na plasta mkononi Menza alipokuja kwetu.

"Hodi hapa," alisema mlangoni.

Kwetu mtu akibisha hodi huitikiwa karibu, hata kama humtaki. Sikumkaribisha. Nilitazama sikio lake, likiwa na kovu la meno yangu, kisha nikatazama kwapani mwake. Alikuwa amebana kisanduku cha ndugu yangu.

"Dada, namtafuta fundi Zaki," alisema. "Hiki kitu chakataa kutoa rangi. Kikitoa, chatema mate."

Usifikiri alikuja kuomba msamaha. Alikuwa amenunua ndege ya plastiki kwenye mitumba, ile ya vipande vya kuunganisha, akaiunganisha vizuri, akataka kuipaka rangi kwa brashi aliyoipora, ikamshinda. Akaulizia brashi hiyo ilikuwa ya fundi gani. Akaelekezwa. Akaja. Hana haya wala hana vibaya! Nilikuwa namenya viazi, kwa hiyo kisu kilikuwa tayari mkononi, na Mungu anajua nilipokuwa nimekielekeza.

"Dada, muache apite," Zaki aliita kutoka ndani.

Alikifungua kisanduku kwa mkono wa kushoto. Rangi ilikuwa imekaukia ndani, sindano imeganda. Alimwinulia Menza macho, kisha akamzaba kofi lililosikika hadi nje.

"Umeiua," alisema. "Sindano yavutwa kwa nyuma, polepole. Na brashi husafishwa rangi ikiwa mbichi. Wasikia?"

Nilisubiri Menza amuue. Mtu yule angeweza kumvunja Zaki shingo kwa mkono mmoja. Alijishika shavu tu.

"Nimesikia, fundi," alisema.

Wakakubaliana mbele yangu. Brashi ingebaki kwetu, na Menza angekuja kila siku yake ya mapumziko afundishwe. Ile ndege yake Zaki aliiweka juu ya rafu, akamwambia ingoje, kwanza ajifunzie kwenye malori. Menza alikubali kila neno.

Alipoondoka nilimjia juu Zaki. Nilimwita mwoga, nikamwambia mama angefufuka angemtemea mate. Alinisubiri nimalize.

"Vidole hivi havirudi, dada," alisema. "Daktari hakunificha. Viwili havitakunjika tena, na brashi hii yataka kidole kinachobonya na kuvuta pamoja. Wa kushoto nimeujaribu, hauna akili hiyo. Mimi sina mkono. Yeye anao, na ndio uliovunja wangu. Basi nautaka."

"Utaukata?"

"Nitautumia. Maisha."

Siku zile Zaki alikuwa akilala mchana kutwa, uso ukutani, na sahani yake nikiirudisha jikoni ilivyo. Nikaelewa kwamba mkono wa yule mshenzi usipofundishika, malori yamekwisha, na ndugu yangu amekwisha pamoja nayo. Nikaelewa, lakini sikusamehe. Sikumpa Menza kitu: si chai, si kiazi, si maji ya mtungini, hata joto likiwa la kuua na koo lake limekauka kwa thina. Kwetu mtu akishakula kwako, mkono wako juu yake umefungwa. Wangu nilitaka ubaki huru. Zaki alijua ninachokifanya, na hakunikataza.

Mafunzo yenyewe yalikuwa vita. Brashi ina kitufe kimoja: ukikibonya hutoka hewa, ukikivuta nyuma ndipo hufuata rangi. Wakati wa kuanza, hewa kwanza. Wakati wa kumaliza, rangi ikatwe na hewa iendelee kidogo. Menza alibonya na kuvuta kwa mkupuo mmoja, kwa nguvu, alivyozoea kushika watu. Rangi ikamwagika, ikachuruzika mlangoni mwa lori. Zaki alikuwa amekaa ubavuni mwake na rula ya mbao, akamchapa nayo vidoleni.

"Lori hilo halijakukosea kitu!" alimpigia kelele. "Anza kupuliza nje yake, pita juu, malizia nje. Usisimame katikati. Ukisimama, yachuruzika."

Rula. "Rangi yako nzito. Nataka itiririke kama maziwa." Rula. "Sogea karibu, vidole vinne, si kiwiko kizima." Rula. "Mikono mitatu myembamba ya rangi, kila mmoja ukauke, si mmoja mnene. Una haraka ya kwenda kumpiga nani?" Vifundo vya Menza vilivimba, ngozi ikachanika, naye alikuwa akiipangusa damu kwenye suruali ili isidondokee plastiki. Mimi niliisikia kila rula kutoka mlangoni, na kila moja ilinipoza moyo, na hazikunitosha.

Mtaa nao ulijua. Watu walimpiga Menza mawe kwenye vichochoro, maana hakuna nyumba kwetu isiyo na mchuuzi aliyewahi kuonja rungu la kanjo. Siku moja aliingia uso mzima ni damu, jicho limefumba. Zaki aliruka kutoka kitini, akamshika mkono wa kulia, akavikunja vidole kimoja kimoja, akavinyoosha.

"Vizima," alisema. "Keti." Jicho hakuliulizia.

Kuna siku Menza alishindwa kuvumilia. Mvua ilikuwa imekaribia, hewa nzito, na hali ikiwa hivyo kompresa humeza unyevu. Alikuwa akimalizia kichwa cha lori, buluu imelala vizuri ajabu, mara mpira ukatema maji na buluu yote ikajaa madoa. Alidhani Zaki amemfanyia makusudi. Alimkamata koo, akambandika ukutani, miguu ya Zaki ikaning'inia. Nilichukua mchi nikampiga nao mgongoni. Nikampiga kichwani. Hakugeuka.

Zaki alikuwa akiurusha mkono wa kushoto, akionyesha sakafuni. Kwenye mpira wa hewa alikuwa amefunga kijichupa cha kunasa maji, na kijichupa kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Kukimwaga kabla ya kazi yoyote lilikuwa jukumu la Menza. Aliambiwa siku ya kwanza, na rula alichapwa kwa ajili yake. Menza alikitazama. Akamshusha Zaki, akakaa sakafuni, damu ikimtoka kisogoni nilipompiga.

"Nilisahau," alisema.

Zaki alikohoa hadi akatapika. Kisha, kwa sauti iliyokwaruza, akamwambia amwage maji, aipige msasa ile buluu, aanze upya. Naye akaanza upya.

Nami nitasema lililo kweli hata likiniudhi: alifundishika. Mkono ule ulilegea. Akawa anashusha pumzi kabla ya kubonya, anajaribu kwanza kwenye gazeti, anasafisha sindano bila kuambiwa. Rula ikaanza kukaa bure. Zaki akarudi kula, akarudi kuwatania wateja wangu mlangoni, akarudi kukata bodi mpya kwa mkono wa kushoto, mimi nikimshikia plastiki. Alipofika dereva mmoja wa Ukambani, Mumo, na picha ya lori lake jekundu, Zaki alimwachia Menza kazi yote, hata vumbi. Mumo alipokuja kutazama, alilizungusha lori mikononi, akalileta puani, akacheka.

"Zaki," aliuliza, "mkono umepona lini?"

"Umepona," Zaki alimjibu.

Nilitaka kupiga ukelele. Menza alikuwa pale pale kwenye stuli, akisafisha kikombe cha rangi, kichwa kakiinamisha.

Mumo aliliacha lori kwa Zaki aliweke mezani, wenzake walione kwanza. Tukatandika tena kando ya barabara, mimi nikibeba meza. Menza alikuwa amepangiwa upande wa Kizingo, kwenye majumba makubwa na miti, ambako hakuna wa kufukuzwa, na nilidhani tumesalimika. Halafu vikosi vikachanganywa. Gari likatokea asubuhi, likapanda kando ya barabara, makanjo wakaruka, na mmoja wao alikuwa yeye.

Alituona. Nasi tulimwona.

"Menza! Meza hiyo!" mkubwa wao alimfokea.

Ubavuni kwetu muuza chaja za simu alikuwa akipigwa marungu na watu watatu, akilia kisha halii tena. Mama wa maembe aliburutwa kwa nywele. Menza alisimama mbele ya meza, rungu mkononi, akitazama malori, na kila lori pale alikuwa amelipaka yeye. Zaki hakumwomba.

Menza aliipindua meza. Malori yalipoanguka aliyapanda kwa mabuti, moja baada ya jingine, akisaga kwa kisigino hadi plastiki ikatoa mlio. La Mumo alilikanyaga mwisho, na alilikanyaga mara nyingi. Kanjo mwingine alikuja mbio na rungu juu kumshukia Zaki, Menza akamsukuma kwa bega.

"Huyu nishamaliza naye," alimwambia.

Wakaondoka. Zaki alipiga magoti, akaanza kukusanya vipande ndani ya shati lake.

"Hakunigusa," alisema.

"Amekanyaga!"

"Hakunigusa, dada. Wangeniua wale. Ulitaka afanye nini, afukuzwe kazi?"

"Ndiyo!" nilimpigia kelele mbele ya barabara nzima. "Afukuzwe! Apigwe yeye! Avunjwe!"

Siku yake ya mapumziko ilipofika nilijua atakuja. Zaki naye alijua, kwa kuwa hakupumzika: aliikata bodi mpya ya lori la Mumo, akaiunganisha, akaipiga msasa, akaiweka kwenye benchi tayari kwa rangi. Hakuniuliza maoni yangu. Niliinjika karai mapema. Viazi sikuvitia. Niliyaacha mafuta yaive yenyewe mpaka yakaanza kufuka moshi.

"Hodi hapa."

Alikuwa na shati safi na champali miguuni. Nilichota upawa ukajaa.

"Dada," Zaki alisema nyuma yangu. Hakunyanyuka kitini. "Mkono usiuguse. Huo ni wangu."

Menza aliutazama upawa, na hakurudi nyuma. Aliinua mikono yake polepole, akaikunja nyuma ya mgongo, mbali nami, na mwili uliobaki akauacha pale ulipo. Hakusema samahani. Angeisema, ningemmwagia usoni. Nilikuwa na hasira ya tangu siku ya kisanduku, na nilitaka kumchoma mahali. Nikatazama chini. Miguu ndiyo iliyokanyaga.

Nikaimwagia.

Aliunguruma, akaanguka kizingitini, na ngozi ya mguu ikatoka pamoja na ukanda wa champali. Watu wa barazani walikuja mbio. Nikawaambia atakayejitia kati, upawa wa pili ni wake, wakasimama. Zaki alilivuta beseni la maji kwa mkono mmoja, akamtumbukiza miguu ndani, kisha akamkamata ukosi, akamkokota pamoja na beseni hadi kwenye stuli. Nilidhani anatafuta namna ya kumfikisha hospitali. Alimwaga kijichupa, akawasha kompresa, akatia rangi kikombeni, akamwekea brashi kiganjani.

"Lori la Mumo," alisema. "Mkono wa kwanza wa rangi. Halafu ndio hospitali."

Menza alikuwa akitetemeka kuanzia mabega hadi miguu, meno yakigongana, machozi na kamasi vikimchuruzika, na maji ya beseni yakimwagika sakafuni. Akashusha pumzi. Akabonya, hewa ikatoka. Akavuta. Rangi ikaanzia nje ya lori, ikapita juu ya mlango, ikaishia nje, nyembamba, sawasawa, kisha ikarudi. Alitetemeka mwili wote isipokuwa mkono. Na mkono ule niliujua. Nilikuwa nimeutazama miaka, hapo hapo kwenye benchi, ukienda na kurudi namna ile ile, kabla Menza hajauvunja. Zaki alikuwa ameinama karibu nao, midomo ikisogea, vidole vyake vibovu vikijaribu kukunjika juu ya paja. Nikakaa kizingitini, upawa ungali mkononi, nikalia mbele ya watu wote.